Kabla ya kujibu ndiyo, tuulize: maana ipi?

Mlio mitaani, mlio vijijini na mlio bado chini ya maturubai, leo nataka tuzungumze juu ya maneno. Najua wengi mna shida kubwa kuliko maneno. Naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa maana nitaonyesha kwamba neno dogo linaweza kumpa mtu nyumba au kumnyima.

Siku hizi, ukipita jioni katika mitaa ya Goma, Bukavu au Uvira, utakuta vijana wameketi na madaftari wakikariri Kiingereza. Sababu zinaeleweka. Majirani zetu wa Uganda na Kenya wanakitumia ofisini. Mashirika mengi ya kibinadamu yanaandika ripoti zao kwa lugha hiyo. Familia zilizovuka mpaka hadi Nakivale au Kakuma zinakutana nacho kwenye fomu, hospitalini na shuleni. Kwa hiyo siwalaumu wanaojifunza. Nawapongeza.

Kinachonisumbua ni daftari lenyewe. Upande wa kushoto kuna neno la Kiingereza, upande wa kulia kuna neno moja tu la Kifaransa au la Kiswahili. "Fine", muzuri. "Hard", ngumu. "Poor", maskini. Neno moja, maana moja, halafu ukurasa unafunguliwa mwingine. Maoni yangu ni kwamba daftari la namna hii linatuandaa kujibu "ndiyo" mahali ambapo tungepaswa kuuliza. Tena maneno yanayotuponza zaidi huwa mafupi kabisa, yale ya sifa yanayokaa kando ya jina: salama, dhaifu, ya muda, ya kudumu, ya hiari.

Kwanza tuache kukiogopa Kiingereza. Watu wengi wanakiona kama lugha iliyoshuka ikiwa kamili, yenye maneno safi, huku Kiswahili chetu cha Kongo tukikionea haya kwa sababu kimechanganyika na Kifaransa, Kilingala na lugha za vijijini. Ukweli ni kwamba Kiingereza nacho kimeokota maneno kila kilipopita, na mengi kiliyachukua India. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipata hati yake ya kifalme tarehe 31 Desemba 1600. Ilikwenda kule kufanya biashara, ikaishia kutawala. Watumishi wake waliporudi kwao walibeba vitambaa, viungo, mali na maneno. Maneno hayo yalikuwa mengi hata mwaka 1886 Henry Yule na A. C. Burnell wakachapisha kamusi nzima juu yake, inayoitwa Hobson-Jobson.

Chukua "shampoo". Neno hili lilitoka kwenye kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kubinya na kukanda. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mhindi mmoja mzaliwa wa Patna, Sake Dean Mahomed, alifungua bafu katika mji wa Brighton, Uingereza, na watu walikuja kwake kukandwa mwili. Wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa "shampoo". Baadaye neno likapanda kichwani, likabaki kwenye nywele. Chukua "bungalow": ilikuwa nyumba ya mtindo wa Bengal, nyumba ya chini, mara nyingi ya nyasi. Leo mtu akikuambia ana bungalow, huwazii nyasi hata kidogo. Chukua "khaki", neno la Kihindi na Kiurdu lililotoka Kiajemi, maana yake yenye rangi ya vumbi. Askari waliokuwa chini ya Waingereza huko India walianza kuvaa rangi hiyo katika miaka ya 1840. Watoto wetu wa Kivu wanaijua kaki mapema mno, na hakuna anayewaza vumbi anapoiona inakuja barabarani. Kisha kuna "loot", neno la Kiingereza la kupora. Hilo nalo ni la Kihindi, na kule lina maana hiyohiyo. Wenye mali waliporwa, na neno la tendo hilo likasafiri pamoja na mali.

Baadhi ya maneno hayo yametufikia sisi kupitia Kifaransa: kaki, pijama, veranda. Mengine yalivuka bahari moja kwa moja hadi pwani ya Afrika Mashariki, yakapanda na wafanyabiashara hadi kwetu: gari, chapati, bima. Hata pesa ni "paisa", sarafu ndogo ya India. Ndugu yako akikutumia M-Pesa kutoka Kinshasa, mmepashana neno la Kihindi kwa simu. Basi asiwepo mtu wa kutucheka kwa kuchanganya. Lugha yenye majirani huazima.

Lakini neno likisafiri, maana yake haifiki kama ilivyoondoka. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, na mfano ninaoufikiria zaidi ni neno "jungle". Kwa Kihindi ni "jangal", yaani pori, ardhi isiyolimwa. Asili yake katika Kisanskriti ilihusu nchi kavu. Waingereza walilifanya kuwa msitu mnene wenye unyevu, kisha wakaliongezea maana nyingine: mahali pasipo sheria, penye wanyama na watu wa kula wenzao. Wafaransa nao wakalichukua hivyo.

Sasa twende Calais, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa, ambako wahamiaji kutoka nchi nyingi walikuwa wakipiga kambi kwa kutafuta njia ya kuvuka hadi Uingereza. Wengi wao walikuwa Waafghani. Kwa Kipashto, lugha ya wengi wao, msitu unaitwa kwa neno la ukoo huohuo, karibu kabisa na "jangal". Walipotaja mahali wanapolala, walisema tu kwamba wako msituni. Ulaya ikasikia "jungle". Jina likaganda magazetini na kwenye hotuba za wanasiasa mpaka kambi kubwa ilipobomolewa mwezi Oktoba 2016. Tazameni jambo hilo. Mmoja ametaja miti, mwingine amesikia wanyama, na aliyeumizwa na tofauti hiyo ni yule aliyelala kwenye miti. Sisi tuliowahi kulala kambini tunaelewa jina la mahali linavyomfuata mtu hadi shuleni na kazini.

Nije sasa kwenye maneno ya sifa, maana hiyo ndiyo shabaha yangu. Kihindi kina maneno mawili ambayo kila mtu huko anayatumia kutwa nzima: "pakka" na "kachcha". Pakka kwanza ni kitu kilichoiva au kilichopikwa. Kutoka hapo maana zikazaliana: barabara iliyotengenezwa ni pakka, rangi isiyochuja ni pakka, rafiki wa kweli ni pakka, jambo la hakika ni pakka, na nyumba ya matofali ni pakka. Kachcha ni kinyume chake: embe ambalo halijaiva, barabara ya udongo, kazi ya ovyo, nyumba ya udongo na nyasi. Waingereza walilichukua lile la kwanza, wakaliandika "pukka", lakini walibeba kipande tu. Kwao ni kitu halisi, kitu cha daraja la juu. Jiko na embe vilibaki India.

Msidhani haya ni mambo ya kamusi tu. Nchini India serikali huhesabu nyumba za watu kwa maneno hayo: pakka, nusu pakka na kachcha. Mpango wa nyumba za vijijini uliozinduliwa mwaka 2016, uitwao Pradhan Mantri Awas Yojana, unasaidia familia zisizo na nyumba na zile zinazoishi katika nyumba za kachcha ili zijenge nyumba za pakka. Karani anaangalia ukuta, anaangalia paa, anaandika neno. Kwa neno hilo familia inaingia kwenye orodha au inabaki nje. Sifa moja, na nyumba nzima inaitegemea.

Sisi tunaijua hesabu hiyo. Huku kwetu tunasema nyumba ya mbao, nyumba ya nusu durable na nyumba ya durable. Katika Goma, ambako Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wengi wamejenga kwa mbao juu ya mawe meusi. Mwenye mbao anaweza kuishi humo miaka 20, akalea watoto na kuoza binti zake, na bado nyumba yake haiitwi ya kudumu. Kwa upande mwingine, turubai linaitwa "makazi ya muda". Muda gani? Katika kambi zetu kuna watoto waliozaliwa ndani ya makazi ya muda wakaanza shule wakitokea humohumo. Neno "ya muda" halikusema uongo siku lilipoandikwa. Lilikaa tu pale kwenye karatasi bila mtu wa kuliuliza.

Wala hatuhitaji profesa wa kutufundisha kwamba sifa moja inaweza kuwa na maana nyingi. Kiswahili chetu kinafanya hivyo tangu zamani. Mama akisema kuni hizi ni mbichi, anasema zina maji. Embe bichi halijaiva. Nyama mbichi haijapikwa. Kidonda kibichi hakijapona. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sote tunatazama jina lililo kando ya sifa. Vilevile "kali": mbwa mkali, jua kali, kisu kikali, mwalimu mkali, pombe kali. Vijana wakisema wimbo huu ni mkali, wanausifu, na hakuna anayeogopa kuumwa na wimbo. Akili hiyo tunayo. Tatizo ni kwamba tukifika kwenye lugha ya wageni tunaiacha mlangoni, tunashika maana ya kwanza tuliyokariri.

Kiingereza kina tabia hiyohiyo. "Fine" ni muzuri, lakini mtu akikuuliza kama unataka dawa ya maumivu nawe ukamjibu "I am fine", atakuelewa kwamba umeikataa. "Fair" ni ya haki ukizungumzia bei au hukumu, ni weupe ukizungumzia ngozi, na kwenye karatasi ya shule ni wastani tu, si sifa ya kujivunia. "Poor" ni maskini, ila "poor health" ni afya mbaya, hata kwa tajiri. "Immediate" wengi wamekariri kuwa ni ya haraka, ya sasa hivi. Kwenye fomu, "immediate family" ni familia ya karibu kabisa: mume au mke, wazazi, watoto. Mtu wa kwetu, ambaye mtoto wa baba mdogo ni ndugu yake bila mjadala, anaweza kuandika watu ambao fomu haikuwauliza. Au anaweza kuwaacha walioulizwa, akidhani wanataka wale tu walio naye kwa sasa. Kosa hilo si la uongo hata kidogo. Lakini siku ya mahojiano linaweza kuonekana kama uongo.

Nenda hadi kwenye sheria yenyewe. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 unasema mkimbizi ni mtu mwenye hofu "well-founded" ya kuteswa kwa sababu zilizotajwa humo. Maana yake ni hofu yenye msingi, yenye sababu zinazoweza kuelezwa. Haikuandikwa hofu kubwa. Mtu akidhani anaulizwa ukubwa wa hofu, atalia mbele ya ofisa na kusema aliogopa sana, nalo ni kweli tupu. Lakini anachoulizwa ni msingi: nani alikutisha, kwa nini wewe, lini, wapi, na ukirudi kutatokea nini. Neno moja la sifa linabadilisha ushahidi wote anaopaswa kutoa.

Kwa wale waliohama bila kuvuka mpaka, kuna Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998. Zinataka watu wapewe njia ya kurudi makwao kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Maneno matatu mazuri, na kila moja lina maana zaidi ya moja. Usalama wa nani, wa askari anayesema barabara imetulia au wa mama anayekwenda shambani saa 11 alfajiri? Na hiari je? Mapema mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa, neno hili lilikuwa vinywani mwa watu wengi. Wapo waliosema watu wanarudi kwa hiari. Wapo waliouliza mtu ana hiari gani ikiwa turubai lake limekwisha kushushwa. Wote walitumia neno moja. Hawakuwa na maana moja.

Nitaje na jingine ambalo kila kambi inalijua: "vulnérable". Kwa Kiingereza na kwa Kifaransa linaandikwa karibu sawa, na katika kazi ya misaada ni jina la kundi linalopewa kipaumbele. Kwa Kiswahili tunalitafsiri dhaifu au mnyonge. Sasa mfikirie baba wa makamo, aliyelima maisha yake yote, anayelea wajukuu watano peke yake. Anayeandikisha anamuuliza mbele ya majirani: wewe ni dhaifu? Mwanaume wa kwetu atajibu vipi? Atasema hapana, mimi bado nina nguvu. Amejibu kwa heshima yake, na jetoni imempita. Swali lililopaswa kuulizwa lilikuwa: unalea watoto wangapi, na nani anakusaidia?

Tena tusisahau Ebola ya 2018 hadi 2020 huko Beni, Butembo na Ituri, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Timu za kupambana na ugonjwa ziliitwa "riposte". Kwa Kifaransa ni jibu, lakini ni jibu la anayerudisha pigo vitani. Katika eneo lililochoka na vita, watu wakaona magari yanakuja kwa jina hilo. Sisemi jina ndilo lililoleta mashaka yote. Yalikuwepo mengi, na mengine yalikuwa na sababu nzito. Nasema tu kwamba halikusaidia, na kuliuliza mapema kusingegharimu chochote.

Najua kuna watakaosema: mwandishi huyu ameshiba, watu wana njaa na yeye anatuletea maana za maneno. Nakubali njaa ni kubwa kuliko sarufi. Lakini orodha ya chakula inaandikwa kwa maneno. Ruhusa ya kuishi ugenini inaandikwa kwa maneno. Hati ya shamba uliloliacha Masisi au Rutshuru inaandikwa kwa maneno. Anayenyimwa kwa sababu ya neno ana njaa ileile ya yule aliyenyimwa kwa sababu gari halikufika.

Basi nini kifanyike? Kwa walimu wa Kiingereza wa mitaani, naomba muache neno pekee. Mpeni mwanafunzi sifa pamoja na jina lake, kama tunavyojifunza kuni mbichi na kidonda kibichi. Sifa moja na majina matano ni somo bora kuliko sifa tano zilizokaririwa zikiwa peke yake. Waelezeni pia asili ya maneno, kwamba "shampoo" na "loot" ni wageni kama sisi, ili wasiione lugha hii kama ukuta.

Kwa wakalimani, najua mnabanwa na muda, na anayewalipa mara nyingi ana haraka. Hata hivyo, neno likiwa na maana mbili, simamisheni mazungumzo mseme: hapa kuna maana mbili, unataka ipi? Mkalimani anayeuliza hajashindwa kazi yake.

Kwa mashirika na viongozi wanaokuja na fomu, wekeni maswali yenu yote kwa Kiswahili kinachosemwa hapa, na kwa Kinande, Kihunde, Kishi, Kibembe na lugha nyingine za wanaohojiwa. Kabla ya siku ya kuandikisha, wasomeeni kina mama wachache sauti kwa sauti, muwaulize wameelewa nini. Wakicheka au wakinyamaza, neno hilo libadilishwe.

Na kwenu, familia zilizohama makwao, hamna deni la kujibu swali msilolielewa. Mkisikia salama, ulizeni: salama kwa nani, tangu lini? Mkisikia ya muda, ulizeni: hadi tarehe gani? Mkisikia kwa hiari, ulizeni: nikikataa kutakuwaje? Mkiambiwa tia sahihi au weka kidole, ombeni karatasi isomwe tena, polepole, mbele ya mtu wenu mnayemwamini. Anayekuja kwa nia njema atarudia bila hasira. Anayekasirika kwa kuulizwa maana, basi maana hiyo ndiyo ya kuichunguza kwanza.